Mafuta na Maji Yaliposhikana Kichwani mwa Kadzo

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu! Nasimama hapa kama baba, na najua kina mama mtacheka. Chekeni tu, maana Mungu amenitendea jema kupitia nywele za mtoto.

Mimi ni dereva wa lori, nabeba makontena bandarini Kipevu. Mke wangu alipofariki aliniachia Kadzo, binti yetu wa pekee, mwenye nywele nzito kama za mamake. Kupika najua, kufua najua. Nywele, ndugu zangu, sikuzijua! Nikishika kitana mtoto analia, nami moyo unaniuma, naacha. Zikasokotana mpaka kidole hakipenyi. Nikaleta mkasi. Akazishika kwa mikono miwili: "Baba, usizikate. Mama alizipenda." Nikauweka mkasi chini, nikalia.

Kisha akaja mama mkubwa wake, dada ya marehemu, kutoka Kaloleni. Akasema kwa upole, "Shemeji, mtoto wa kike ataka mkono wa mwanamke. Shule zikifungwa nitakuja kumchukua." Hakuwa mbaya, alimpenda. Lakini nyumba ile bila Kadzo ningeishije?

Nikaomba. Nikajaribu kutengeneza krimu mwenyewe: mafuta ya nazi na maji, nikakoroga weee! Yakatulia, mafuta juu, maji chini. Nikatia sabuni ili yashikane. Nywele zikakakamaa kama makumbi ya nazi!

Jirani yetu pale Mishomoroni, Bi Zainabu, hutengeneza mafuta ya mwili na kuyauza. Alisikia kilio cha mtoto, akapiga hodi. Kuona chupa niliyotilia krimu yangu alicheka hadi akakaa chini.

"Baba Kadzo, sabuni ni ya kuosha! Wewe wataka kitu kishikanishe mafuta na maji, kisha kibaki kwenye nywele kizilainishe."

Akaleta vipande vyeupe kama nta. Wenye kutengeneza vipodozi huviita emalsifaya, na hiyo ilikuwa ile ya nywele. Tukaviyeyusha pamoja na mafuta ya nazi ndani ya bakuli, juu ya sufuria ya maji moto. Tukamimina maji yaliyochemshwa, tukakoroga. Ikawa nyeupe, nzito kama tui la kwanza! Ilipopoa akatia dawa ya kuzuia kuoza.

Tukampaka Kadzo. Bi Zainabu akaniongoza: "Anzia nchani, baba. Polepole. Inshallah zitaachia."

Kitana kikapita! Mtoto alikuwa amefumba macho akingoja uchungu, haukuja. Akageuka. "Umemaliza?"

"Bado, mwanangu."

"Basi endelea."

Ndugu zangu, neno hilo dogo! Tangu mazishi hakuwa amenikaribisha hivyo.

Shule zikafungwa, mama mkubwa akafika na begi tupu. Alitukuta barazani, kopo la krimu kando yetu, Kadzo amesinzia katikati ya magoti yangu, nami namsuka mistari iliyopinda. Akaliweka begi chini. Kisha akafungua kilemba chake, akaketi mkekani karibu yetu.

"Shemeji," akasema, "hiyo krimu imebaki?"

Alirudi Kaloleni na kopo lake. Kadzo alibaki kwangu. Haleluya!

Namshukuru Mungu, na namshukuru Bi Zainabu, ambaye husali kwingine lakini alitumwa kwangu. Nawe unayelea peke yako, uliyeshindwa ukaona haya, mwambie Mungu, kisha jirani akipiga hodi mfungulie. Mwamini Bwana, ndugu yangu. Atakufundisha hata kusuka!