Mercyline Nafuna, Aliyesubiri Vimbegu vya Ukungu

Marehemu Mercyline Nafuna Wakoli alizaliwa tarehe 9 Machi 1984 kijijini Kamusinde, Bungoma, akiwa kifungua mimba wa mzee Wakoli na mkewe Ruth.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 2002, akaja Nairobi kwa shangazi yake huko Lindi, Kibera. Asubuhi aliuza mandazi, mchana akasomea ufundi wa maabara.

Mwaka 2009 aliajiriwa na maabara ya kutafiti dawa za magonjwa ya ukungu. Aliweka dawa mpya kwenye vimbegu vya ukungu, jamii ya ule unaoota kwenye mkate, kisha akahesabu kwa hadubini vilivyochipua. Dawa ikizuia kimeng'enya ambacho vimbegu hukihitaji ili viote, havichipui. Alimtafutia pia mdogo wake Boaz, anayewasomea wasifu huu, kazi ya usafi humo humo. Nyumbani hakuna aliyekula mkate kabla Mercyline hajaukagua dirishani kama una ukungu. "Hawa wadudu nawajua kwa majina," alikuwa akisema.

Mwaka 2011 alifunga ndoa na Jeconia Shivachi, seremala, wakahamia Gatina, Kawangware. Walijaliwa watoto wawili.

Mwaka 2021 dawa moja iliwapa wote matumaini. Saa kumi na mbili zilipita bila kimbegu hata kimoja kuchipua, na watu wakaanza kupongezana. Mercyline akaomba wangoje hadi kesho yake. Kesho yake vilikuwa vimechipua karibu vyote. Dawa ilivichelewesha tu. Aliandika alichokiona. Wafadhili wakajitoa, na watu saba wakaachishwa kazi, yeye na Boaz wakiwemo.

"Si ungenyamaza tu, dada?" Boaz alimuuliza.

"Na mgonjwa atakayeimeza nimwambie nini?"

Boaz hakukanyaga Gatina tena kwa miaka mitatu. Kila Krismasi dada yake alimpigia simu. Hakushika.

Agosti 2024 Mercyline alipatikana na saratani ya ini. Boaz aliisikia habari hiyo kanisani Jumapili, tarehe 10 Novemba, ikitangazwa katika maombi ya wagonjwa. Akatoka mbio hadi hospitalini. Dada hakuweza tena kusema. Boaz alimshika mkono, akamwomba msamaha mara mbili. Kama alisikia, hajui mpaka leo. Mercyline alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 12, akiwa na miaka arobaini.

Ameacha mumewe Jeconia, watoto wao Billy na Celine, mama yake Ruth, na Boaz, ambaye anamsihi yeyote hapa aliyenuniana na nduguye asingoje matanga.

Udongo wa kwao umpokee taratibu, na Bwana ampe pumziko.