Taratibu, Mpiga Filimbi Aliyemwachia Mwanawe Nafasi

Marehemu kaka yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Mimi, dada yake, nilimfuata baada ya miaka minne.

Alisoma hadi mwaka 1967, na ni mwalimu wake wa sayansi aliyempa filimbi ya kwanza. Nyumbani alifanyia mazoezi chooni, akidai mle sauti inajaa, huku wapangaji wenzetu wakisubiri nje wamebana miguu. Wakigonga mlango alijibu, "Taratibu, nakuja." Jina likamganda.

Mwaka 1969 aliajiriwa katika karakana ya reli, akachonga vyuma hadi alipostaafu mwaka 2006. Jumamosi alipiga jazi ukumbini na wenzake. Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa fundi cherehani, wakajaliwa binti na mwana wa kiume. Mwana alifariki kwa homa tarehe 2 Juni 1989, akiwa na miaka sita. Kaka hakurudi tena kuwa yule tuliyemjua.

Mwaka 1997 alirekodi albamu yake pekee, filimbi na okestra ya watu thelathini. Noti za okestra niliziandika mimi. Katika wimbo aliomtungia marehemu mwanawe aliacha mipigo kumi na sita mitupu, filimbi kimya, kila mtu kimya. Nilidhani amesahau. Sisi waandishi wa noti tukiona pengo mkono unawasha, nami nikalijaza fidla, tena kwa majivuno. Yeye alikuwa ameshairekodi sehemu yake peke yake wiki moja kabla ya okestra, kwa hiyo fidla zile alizisikia albamu ikiwa tayari imetoka. Watu waliisifu sehemu hiyo kuliko zote. Kaka aliniambia mara moja tu: "Hapo ndipo nilipomweka mtoto. Umemkalia." Kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano nikimwamkia aliitikia, basi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumwangusha. Daktari alisema ni vumbi la karakana. Filimbi akaifungia kabatini. Januari mwaka huu nilimpelekea hospitalini karatasi mpya za wimbo ule, fidla zile nimeziondoa. Alizisoma kitandani, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye mipigo mitupu alikaa hapo muda mrefu, mashine ya oksijeni ikivuma. Kisha akasema, "Sasa yupo."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza. Nilitoka kwenda kutafuta okestra ya kuupiga upya, sikuwahi. Alifariki tarehe 9 Februari 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, binti mmoja, wajukuu wawili, na dada huyu anayewasomea.

Apumzike kwa amani kaka yetu. Mimi leo siongezi kitu.