Balbina Zgraggen na Upande wa Nne

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni na mlio zizini, mlio kijijini na mlio huko juu, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Balbina Zgraggen, mchungaji wa malisho ya mlimani ya Gruobi. Balbina alifariki mwezi uliopita, kitandani kwake, siku chache kabla ng'ombe hawajapandishwa huko kwa kiangazi. Ni yule Balbina aliyetuitia sala kila jioni ya kiangazi. Ni yule Balbina ambaye hakumsamehe mtu mmoja.

Nalisema hilo mapema kwa sababu jamaa zake wameniomba. "Usimpake asali," aliniambia Veronika, binti wa kaka yake. "Ukisema shangazi alikuwa mpole, bonde zima litakucheka."

Basi hatutasema alikuwa mpole.

Sote tunaijua sauti yake. Maziwa yakishakamuliwa, Balbina alikwenda kusimama penye msalaba wa malishoni, akainua faneli ya mbao ya kuchujia maziwa, akaita sala kupitia humo. Tumelelewa hivyo: pale sauti inapofika, mnyama hatavunjika mguu, paa halitapigwa radi, mtu atalala na kuamka. Hata wale wasiokanyaga kanisani hufungua dirisha. Na anayeita hugeuka pande nne. Huelekea kwenye kipito cha mlima, huelekea kijijini, huelekea msituni, kisha huelekea Sunnegg.

Balbina aligeuka pande tatu. Sunnegg hakuielekea. Na kule Sunnegg, wasikilizaji wapendwa, kuna nyumba moja tu: hoteli ya Kilian Planzer.

Turudi nyuma, zaidi ya miaka thelathini. Ni majira ya baridi. Watu wa filamu wamekuja bondeni kwetu na malori, helikopta, na mwigizaji ambaye uso wake ulikuwa kwenye kila gazeti. Walitaka mteremko wetu kwa ajili ya tukio la kufukuzana kwenye theluji. Hoteli ya Kilian ilijaa hadi darini. Kilian ndiye aliyewaleta. Kilian ndiye aliyejua lugha yao. Wao walisema na Kilian, na Kilian alisema na sisi.

Kaka yake Balbina aliitwa Melk. Kiangazi Melk alikuwa mchungaji wa Gruobi, na ndiye aliyeita sala wakati huo. Baridi ikija, aliongoza watu mlimani. Watu wa filamu walimtaka ateleze kwa skii badala ya mwigizaji wao, kwa sababu mwigizaji wao, tuseme ukweli, hata ngazi za hoteli zilimshinda.

Mjane wake, Rosmarie, anaikumbuka asubuhi ile. "Usiku upepo wa joto ulikuwa umevuma," anasema. "Paa lilikuwa linadondosha maji. Melk akanywa kahawa amesimama. Akasema, 'Nakwenda kuwaambia leo hapana. Nitarudi tule pamoja.' Nikaweka viazi jikoni."

Balbina naye alikuwa kazini asubuhi ile, jikoni kwa Kilian, akiwapikia supu watu wa filamu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Alimwona kaka yake akiingia na kofia mkononi. Alimsikia akisema, "Kilian, waambie leo hapana. Mteremko umelowa. Kesho kutwa, labda."

Kilian akawageukia wageni akawaambia kwa lugha yao: anasema ndiyo, twende.

Kisha akamgeukia Melk. "Wanasema wataalamu wao wameshalipua theluji ya juu alfajiri. Yote imeshuka. Hakuna kilichobaki cha kuanguka."

"Wamelipua? Mbona sikusikia mlipuko?"

"Ulikuwa umelala, Melk. Kwani wewe ndiye unayelinda mlima usiku?"

Watu wakacheka. Melk naye akacheka. Akavaa mavazi ya mwigizaji, akapanda. Hakuna aliyekuwa amelipua kitu. Mlima ulimshukia kwa poromoko la theluji kabla hajafika nusu ya mteremko.

Kwa nini Kilian alifanya vile? Jua lilikuwa limetoka, na watu wa filamu walikuwa wamesema kwamba jua likipotea siku nyingine watafungasha waende bonde jingine. Ni hilo tu, wasikilizaji wapendwa.

Kwenye uchunguzi Kilian alisema Melk mwenyewe ndiye aliyesema mteremko ni salama. Wageni wakaapa kwamba ndivyo walivyoambiwa, na hawakusema uongo, ndivyo walivyoambiwa kweli. Balbina akasimama akaeleza alichosikia. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, wewe lugha yao unaijua?"

"Najua 'ndiyo' na 'hapana'."

"Mawili hayo tu?"

"Siku ile yalitosha."

Hawakumwamini. Iliandikwa kwamba Melk Zgraggen aliusoma mlima vibaya. Mnajua maana yake hapa kwetu. Katika kanisa dogo la waongozaji wa mlimani, majina ya waliokufa mlimani huchongwa ukutani. Aliyekufa kwa kosa lake mwenyewe hachongwi. Melk hakuchongwa. Na hilo ndilo Balbina alilolitaka maisha yake yote: jina la kaka yake ukutani, na ukweli utoke kinywani mwa yule aliyeuficha.

Filamu ilitoka mwaka uliofuata. Balbina alishuka mjini peke yake kwenda kuitazama. Akakaa, akangoja. Na walikuwa wameliacha, wasikilizaji wapendwa. Lile poromoko lililomuua Melk walikuwa wameliacha ndani ya filamu. Theluji ikashuka ukuta mzima, na ukumbi ukapiga makofi.

Balbina alirudi kwa basi la jioni. Rosmarie alimkuta jikoni hajavua koti. "Aliniambia maneno machache tu," anasema Rosmarie. "'Wifi, wamempigia makofi.' Halafu akaniomba faneli ya Melk."

Kiangazi kile alipanda Gruobi. Mwanamke peke yake, na ng'ombe wa kijiji kizima. Jioni ya kwanza akaita pande tatu. Tulidhani amesahau. Jioni ya pili, pande tatu. Mwisho wa wiki kila mtu alikuwa ameelewa.

Kwenye mkutano wa wenye ng'ombe, masika iliyofuata, mzee mmoja alijikaza akauliza kama haingewezekana mwitaji mwingine atafutwe. Balbina akasema, "Inawezekana sana. Anayetaka kuita apande. Ila akipanda, akamue pia, na jibini atengeneze, na zizi asafishe." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani? Wewe? Mgongo wako unaendeleaje?" Tukapita kwenye jambo jingine.

Kilian alicheka. Nyumba yake ilikuwa na bima, alisema, na bima haiiti kwa faneli. Akatundika picha za filamu ukumbini. Watalii wakaja kusimama kwenye baraza lake, mikono wameitanua kama yule mwigizaji, wapigwe picha. Waongoza watalii wakawaonyesha mteremko: hapa ndipo yule mtu wa kijiji alipouchezea mlima akafa. Nasi tulipoulizwa tulisema hivyohivyo, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa, na kwa sababu wageni walikuwa wengi na vyumba vyetu vilijaa.

Kisha wakaja watu wengine wa filamu. Walipanga vifaa vyao chini ya Sunnegg, mwongozaji wa filamu akanyoosha mkono watu wanyamaze, na ng'ombe wote wa Gruobi wakateremka wakiwa wamevaa kengele kubwa, zile za siku ya kurudi kijijini. Huwezi kurekodi hata busu kwenye kelele ile. Mtu wa sauti akapanda mbio. Kijana wa Zurich, maskini, mwenye heshima zake.

"Mama, tafadhali, ni nusu saa tu. Tuzivue hizo kengele."

"Kaongee na wenyewe. Kiongozi wao ni yule mwenye pembe moja. Usipite nyuma yake."

Kilian akaja mwenyewe, uso mwekundu. "Balbina! Watu hawa wametoka mbali!"

"Melk hakutoka mbali. Ndiyo maana hukuona shida."

Ile ni ardhi ya malisho, na kengele ni za ng'ombe. Hakuna sheria iliyokuwa upande wa Kilian. Watu wale walifungasha. Waliofuata nao walifungasha. Mwishowe habari zikaenea huko zinakotengenezwa filamu kwamba bonde letu ni zuri sana kwa macho ila masikioni haliwezekani, na filamu zikahamia kwingine. Wenye vyumba walinung'unika. Balbina aliwauzia jibini kama kawaida, akawapimia sawasawa, na hakuwauliza habari za wageni.

Mwaka mmoja radi ilichoma banda la Kilian. Banda tu, hakuna aliyeumia. Miaka michache baadaye mwamba ukaangukia baraza lake, lile lile la picha. Vitu hivi hutokea milimani. Hutokea hata kwa walioitiwa sala. Lakini Kilian alikuwa mtu wa hapa, licha ya bima yake yote. Mkewe, Agnes, anasema alianza kusimama dirishani jioni. "Kwanza alijifanya anatazama hali ya hewa. Sauti ilikuwa inapita juu yetu kwenda msituni. Nikamwambia, 'Kilian, funga dirisha, baridi.' Akasema, 'Ngoja. Labda leo.'"

Kiangazi kilichopita alipanda Gruobi. Mzee wa miaka themanini na fimbo mbili. Veronika alikuwepo, akimsaidia shangazi yake kukamua, na ndiye aliyetusimulia.

Balbina hakuinuka kwenye kigoda. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuomba, Balbina. Tugeuzie. Mara moja. Si kwa ajili yangu, Agnes moyo wake haupo sawa."

"Agnes namtakia heri. Ashuke akae kwa dada yake kijijini, huko nafika."

"Kwa hiyo unataka nini? Niambie unachotaka!"

"Miaka yote hii na bado unauliza?" Balbina akamaliza kukamua, akaosha mikono, akaitundua faneli ukutani. Akampa. "Uliwaambia wale kwa lugha yao. Sasa waambie hawa kwa yetu."

Veronika anasema yule mzee alisimama penye msalaba, akainua faneli. Sisi huku chini tulikuwa tumefungua madirisha kama kila jioni. Tukasikia sauti ambayo si ya Balbina. Sauti ya mwanamume, imepasuka.

"Mimi Kilian Planzer. Melk alisema hapana. Mimi niliwaambia amesema ndiyo. Melk nilimwambia wamelipua. Hawakulipua. Alisema hapana."

Kisha akarudia, ingawa hakuna aliyemwomba. "Alisema hapana."

Jikoni kwa watu hakuna aliyeshusha kijiko. Bonde zima lilisikia. Bonde zima, na pande zote nne, kwa sababu Balbina alikuwa amemshika mabega na kumgeuza upande mmoja baada ya mwingine, mpaka Sunnegg, ambako Agnes alikuwa dirishani.

Halafu Balbina akaichukua faneli. Akaita kwenye kipito. Akaita kijijini. Akaita msituni. Akageuka kuelekea Sunnegg, kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afe. Akainua faneli mdomoni. Tukangoja. Agnes alikuwa ameshikilia fremu ya dirisha kwa mikono miwili.

Balbina alisimama hivyo, faneli mdomoni, kwa muda ambao sala nzima ingechukua. Hakutoa sauti. Kisha akaishusha.

"Balbina!" Kilian alilia kama mtoto. "Nimesema! Nimesema yote!"

"Umesema, nimesikia. Hilo lilikuwa deni lako kwa Melk." Akaipangusa faneli kwa aproni. "Mimi hujaniambia kitu. Veronika, mshike mzee mkono, njia inateleza."

Hakumwonea huruma, wasikilizaji wapendwa, na mpaka anakufa hakusema kwamba alijuta. Padri alimuuliza akiwa kitandani. Alimjibu, "Baba, nimechoka, lakini si kwa hilo."

Msimu wa majani kuanguka waongozaji walichonga jina la Melk. Balbina alishuka na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele ya fundi tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mkuu wa waongozaji alitaka kutoa hotuba. Balbina akamwambia, "Kilian alisema uongo mara moja. Nyinyi mlimsaidia kuurudia kila alipokuja mgeni. Kaa." Akakaa. Tulikaa sote.

Kwa Rosmarie, kwa Veronika, kwa ukoo wote wa Zgraggen, sisi wa redio hii tunawapa pole. Mmempoteza mtu aliyewapenda watu wake kwa meno na kucha. Mungu amlaze, na ampe mahali pa juu, kwa sababu kukaa bondeni hakukumpendeza.

Ng'ombe wamepandishwa leo asubuhi. Jioni hii Veronika ataita kwa mara ya kwanza. Kilian yu hai, na Agnes yu hai, na wengi wetu tuliowapeleka wageni kwenye mteremko ule tukiwa na hadithi ile mdomoni, tuko hai pia. Nilimuuliza Veronika atageuka pande ngapi. Alikuwa anafunga kengele kwenye shingo ya ng'ombe. Alisema, "Fungueni madirisha."

Basi tuyafungue, wasikilizaji wapendwa. Tukae tusikilize, na kila mtu akumbuke alichowahi kusema juu ya mtu asiyeweza tena kujibu. Sauti ikikufikia, shukuru. Na isipofika upande wako, tafadhali usitupigie simu hapa studioni kuuliza kwa nini.