Koliva Moja Tu: Maisha ya Daktari Eufrosina Tănăsescu

Marehemu Daktari Eufrosina Tănăsescu, ambaye sisi wa nyumbani tulimwita Frosa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa Gura Bălții, katika nyumba ya mwisho kabla ya mto. Alikuwa mtoto wa pekee wa marehemu Gherasim Onciu na marehemu Agripina, ambaye alikuwa dada yangu. Mimi ni Pantelimon, fundi bati, mjomba wa marehemu. Nimepewa kazi hii kwa sababu ndugu waliosoma kuliko mimi wanalia, na wengine wao tulishawazika. Paa la kanisa mlilokaa chini yake nililipiga mimi mwaka 1978, na halivuji isipokuwa juu ya kwaya, na wanakwaya tumeshaelewana.

Utotoni Frosa hakutulia. Neno alilolisikia zaidi kuliko jina lake ni "tulia". Wakati wa ibada mama yake alimshona ukingo wa gauni kwenye gauni lake mwenyewe ili asitoroke. Jumapili moja mama alisimama kwa Injili akakuta uzi umetafunwa na mtoto hayupo. Nilimkuta mimi kwenye mnara wa kengele, akiwahubiria njiwa.

Alisoma shule ya msingi hapa, sekondari akasoma Tulcea, na mwaka 1974 akaingia kusomea udaktari Iași. Mimi nilifika darasa la saba, na hilo la saba nilifika kwa mguu mmoja. Lakini pembetatu nilimfundisha mimi, kwa chaki, juu ya bati. Kwa hiyo profesa aliyemsifu kwa hesabu alikuwa ananisifu mimi bila kujua. Alihitimu udaktari mwaka 1980.

Tarehe 27 Agosti 1983 alifunga ndoa na marehemu Nicanor Tănăsescu, mpima maji ya mto, mtu mpole kupita kiasi. Kama desturi yetu ilivyo, vijana walimwiba bibi harusi katikati ya ngoma ili bwana harusi amkomboe kwa divai. Bibi harusi akawatoroka wezi wake. Nicanor alipokuja na divai hakukuwa na wa kukombolewa. Alikuwa wodini, na shela kichwani, akimpima homa mtoto wa watu. Divai tuliinywa. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Ilarion. Nicanor alifariki mwaka 2011.

Kazi aliianza mwaka 1981 katika hospitali ya watoto ya mji wetu. Enzi zile mtoto dhaifu alitiwa damu kidogo ya kumpa nguvu, kama vile mtu anavyompa mgonjwa supu ya kuku. Sindano zilichemshwa zikarudi kazini, na siku nyingine hazikuchemka vya kutosha. Hakuna aliyeona ajabu. Frosa naye aliiagiza damu hiyo, na mara nyingine aliitia kwa mkono wake.

Mwaka 1990 vipimo vya Ukimwi vilifika. Jioni moja ya Februari alikuja kwenye karakana yangu, akakaa juu ya ndoo bila kuvua koti.

"Mjomba, mtoto akiwa na virusi na mama yake hana, vimetoka wapi?"

"Mimi fundi bati, nitajuaje?"

"Paa likivuja, unaanza kutafuta wapi?"

"Pale fundi wa mwisho alipopiga msumari."

"Basi fundi wa mwisho ni sisi," akasema.

Alikuwa anajua tayari. Alitaka tu asilibebe jambo hilo peke yake mpaka nyumbani.

Tangu hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, alifuatilia jinsi virusi vinavyopita na jinsi visivyopita. Aliwaeleza wote waliokubali kusikiliza, na sisi tusiokubali pia: vinapita kwa damu, kwa sindano, kwa tendo la ndoa, toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Havipiti kwa kijiko, kwa kikombe, kwa mkono uliokanda unga. Nusu ya kwanza ya maneno yake mji uliipokea. Nusu ya pili mpaka leo imesimama mlangoni inasubiri kukaribishwa.

Miongoni mwa watoto wale walioambukizwa hospitalini alikuwemo Steluța Mocanu, wa makao ya yatima, aliyetiwa damu mwaka 1989 na mkono wa Frosa mwenyewe. Steluța alipofika miaka kumi na miwili, Frosa alimkalisha akamwambia ukweli wote. Steluța akamrushia kiatu, na kikampata. Hakuonekana kliniki kwa Frosa kwa muda mrefu, kisha akarudi, kwa kupitia dirishani, akadai kiatu chake.

Huyo naye hakutulia. Alipanda makabati, alisahau darasa, na alisahau vidonge vyake vya kuzuia virusi. Hapo ndipo Frosa alipoanza utafiti wake wa pili. Mtoto anayesahau vidonge, virusi vinazidi mwilini, na vikizidi vinapita kwa urahisi kwa mwenza au kwa mtoto atakayezaliwa. Je, mtoto mwenye ule ugonjwa wa kutotulia na kukosa umakini akipewa dawa ya umakini, atavikumbuka vile vidonge vingine? Baadhi ya wenzake walisema watoto hawa wamekosa mama tu, si wagonjwa. Wazazi wakasema anataka kuwalewesha. Yeye aliendelea, amechoka, na mkoba uleule uliokatika mkanda.

Mwaka 2009 alitoa matokeo. Dawa iliwasaidia baadhi kukaa na kumaliza ukurasa. Wengine iliwanyima usingizi na hamu ya kula, akawaachisha. Kuhusu vidonge vya virusi, watoto walikuwa wachache mno, hakuweza kusema lolote.

"Miaka yote hiyo umepata 'sijui'?" nilimtania.

"Nimepata 'sijui' iliyo safi, mjomba. Wenzangu wana 'najua' chafu."

Katika kliniki yake neno "tulia" lilipigwa marufuku. Mtu mzima aliyemwambia mtoto "tulia" alikalishwa kwenye kiti cha mtoto, mikono magotini, mpaka mtoto mwenyewe amwachie. Mimi nilikalishwa mara moja. Nilivunja kiti.

Novemba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakutaka kudanganywa na hatukuwa na nguvu ya kumdanganya. Mwezi uliopita alinishika mkono wa shati.

"Mjomba, koliva yangu, ngano tamu ya matanga, aipike Steluța."

"Sawa."

"Iwe moja tu. Kina mama wa kanisa watataka kuweka nyingine pembeni. Ikiwekwa nyingine, nimefanya kazi bure."

"Na wakikataa kula?"

"Wakatae mbele yake. Lakini wasipewe pa kukimbilia."

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, asubuhi, mwanawe akiwa kando yake.

Jana nilipita jikoni mwa kanisa. Ngano ya Steluța ilikuwa imeiva, naye alikuwa karibu na sinki, mikono ya blauzi ameikunja, anasaga njugu za jozi za kutia kwenye koliva. Mezani kwa Veturia, mmoja wa kina mama wa kanisa, kulikuwa na sinia lingine, limefunikwa kitambaa.

"Hiyo nini, Veturia?"

"Akiba tu, Pantelimon. Kwa wenye matumbo mepesi."

"Tumbo lako lilikula samaki wa Pasaka siku ya Pentekoste."

"Usinichokoze, mzee. Sina ubaya na huyu binti. Ni tahadhari."

"Tahadhari ya nini? Ngano imechemka mpaka imesahau shamba."

Akashusha sauti, si ya kutosha. "Na mikono yake?"

Steluța hakugeuka. Aliendelea kusaga jozi zile, na zilikuwa zimeshasagika.

Marehemu ameacha mwana, Ilarion, mkwe Graziella na mjukuu Bianca, waliotoka Torino. Mimi mjomba wake. Na Steluța Mocanu pamoja na binti yake Agripina, aliyepewa jina la dada yangu. Agripina alizaliwa mwaka 2015 bila virusi, na Frosa ndiye aliyempokea. Ndiye huyo mnayemsikia akikwaruza benchi tangu tulipoanza. Asiambiwe kitu.

Koliva iko moja. Lile sinia lingine msilitafute. Nililichukua mimi, bata wangu wamekula na hawajalalamika. Baba mchungaji akimaliza kuibariki hii, nitakula kijiko cha kwanza, kisha kijiko hichohicho nitampa aliyekaa kulia kwangu. Viti nilipanga mimi. Kulia kwangu amekaa Veturia.

Mungu amsamehe Frosa na amlaze mahali pasipo na uchovu. Na wewe, binti wa dada yangu, lile neno ulilotukataza naomba nilitumie leo, mara moja, halafu unikalishe kitini ukipenda.

Tulia.