Sura ya Mama Yake Bibi

Shikamooni wazazi wangu, na asanteni kwa kunipa nafasi ya ushuhuda. Na ninyi wanafunzi wenzangu mliokaa karibu na mlango, msitoroke, maneno haya ni yenu.

Mnanijua, mimi ni mtoto wa hapahapa Tinde, mweusi wa kung'aa. Nyumbani hilo halikuwahi kuwa neno. Nikafika chuo, mwaka wa kwanza, tukawa tunapiga picha bwenini. Mwenzangu mmoja akasema, "Cheka basi, tukuone!" Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, tena kuwashinda. Lakini nilipoiona ile picha kwenye simu, nilijichukia. Siwafichi.

Boom, ile hela ya mkopo wa chuo, lilipotoka tu, nikaenda kutafuta mkorogo. Akina mama, msinitazame hivyo, wengine wenu mnaujua vizuri! Dada muuzaji alichanganya krimu tatu kwenye kikopo kimoja, akaniambia, "Mwezi mmoja tu, hata kwenu hawatakujua."

Kweli, uso ukawa mweupe. Vidole vikagoma, vifundo vikabaki vyeusi, nikawa natembea na mikono mfukoni. Nikitoka juani, uso unawaka kama nimepakwa pilipili. Vipindi vya mchana nikaviacha, mtihani mmoja nikafeli. Ndugu zangu, nawaambia, niliacha masomo ili nipendeze, na bado kwenye kioo sikujipenda.

Likizo ikanikuta msimu wa kuvuna mpunga. Nyumbani wote wakaenda shambani, mimi nikasingizia malaria. Nikabaki na bibi, mama yake baba, aliyekuwa uani anachambua choroko.

Mimi nimerithi jina la mama yake bibi. Na kwetu Wasukuma mnajua, ukipewa jina la mtu, wewe ndiye yeye. Tangu nizaliwe bibi ananiita "Mayu", yaani mama, na akitaka kitu ananidekea kweli kama mtoto.

Nikapiga magoti kumwamkia. Akaniangalia muda mrefu. Nikadhani atanisifu. Akauliza, "Mama yangu umempeleka wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mama hakuwahi kupigwa picha hata moja," akasema. "Nikimkumbuka, nakuangalia wewe. Sasa nitamwangalia wapi?"

Jamani! Nililia kama mtoto mdogo. Bibi akanifuta machozi kwa ncha ya kanga, taratibu, maana aliona ngozi inauma. Nikamweleza yote, hata ile picha ya bwenini. Akasema, "Hao ndio hawaoni. Mimi na macho yangu haya mabovu, nakuona."

Siku hiyohiyo kikopo kikaingia chooni. Shangazi yangu akanipeleka hospitali Kahama. Muuguzi aliyenipokea hakunisimanga. Alinipa dawa, akaniambia nivae kofia na nivumilie. Haikuwa kazi ya wiki mbili. Madoa haya mashavuni mnayaona, bado yapo. Lakini nilirudi darasani na mtihani nikaurudia.

Namshukuru Mungu. Namshukuru shangazi, na yule muuguzi. Nawashukuru ninyi mlioniombea bila kunisema pembeni, na hata mlionisema, nimewasamehe. Wadogo zangu, kabla hujaibadilisha sura yako, uliza kwanza ni ya nani mwingine. Huenda kuna mtu nyumbani hana picha nyingine.

Leo asubuhi nikitoka kuja hapa, bibi alinishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Anarudi," akasema. "Polepole, lakini mama anarudi."