Historia ya Mbula, Aliyetaka Watu Waulizwe Kwanza

Familia ya Urbanus Kioko inawashukuru nyote mlioacha kazi zenu kuja kumsindikiza Mbula, pamoja na ndugu wa Tala wanaotufuata mtandaoni, na inaomba radhi mapema kwamba historia hii ina mahali pa kucheka, kwa kuwa marehemu mwenyewe alisomewa rasimu yake kitandani, akaagiza maneno "alikuwa mpole" yafutwe, asije akasingiziwa.

Mbula alizaliwa tarehe 14 Novemba 1964 huko Tala, Machakos, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Ndeto na Mama Ndunge, siku ya mvua kubwa, na ndipo alipopata jina lake, ambalo kwa Kikamba ni mvua. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tala hadi mtihani wa CPE mwaka 1978, akamaliza kidato cha nne mwaka 1982, kisha akasomea uuguzi mjini Machakos kuanzia 1983 hadi 1986. Alifanya kazi wodini kwa miaka ishirini, na familia ilipohamia Sydney mwezi Machi 2007, aliajiriwa katika makao ya wazee karibu na Lidcombe, ambako alijulikana kwa kutomgusa mgonjwa, hata kumgeuzia mto, kabla ya kumwomba ruhusa.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na Urbanus, fundi umeme, wakajaliwa Jacky mwaka 1992, na Tevin mwaka 1997, ambaye hadi leo husemeshwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza.

Mwaka 2020, tulipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, aliandika mchezo wa kuigiza, wa kuchekesha na kuuma kwa pamoja, kuhusu miili ya watu weusi ilivyochukuliwa, ikapimwa na kufanyiwa majaribio bila idhini. Humo mpagazi wa enzi za ukoloni aliyekufa anaamka juu ya meza madaktari wakigombania kichwa chake, anawasahihisha vipimo, analalamika kwamba meza ina baridi, na kila wanapofungua mdomo anawakatiza, "Kwani mliniuliza?" Mpagazi huyo aliigizwa na Innocent, Mtanzania wa Parramatta aliye nasi hapa, na kwa kuwa mazoezi yalifanywa kwa Zoom jikoni kwao Doonside, Urbanus aliyashika maneno yote akiosha vyombo, na mwezi Julai 2021, alipoambiwa akachanjwe, alikataa katakata, akasema yeye si wa kudungwa ovyo, na aliyemfundisha hivyo ni mke wake.

Hapo kicheko kiliisha. Mbula, ambaye tayari alikuwa amechanjwa, na ambaye ugonjwa ule ulikuwa umemfanya awafumbe macho wazee wawili kazini, aliona amemwandikia mumewe kifo kwa mkono wake mwenyewe, akataka kuuchana mchezo, na kwa wiki tatu nyumba ile ilikuwa na watu wawili wa kusalimiana tu. Hakuuchana. Alimwambia Urbanus kwamba mpagazi hakumkataa daktari, alikataa kutoulizwa, na kama ana maswali ayapeleke yanakojibiwa. Tarehe 4 Septemba Urbanus alikwenda kituo cha chanjo Parramatta na karatasi ya maswali kumi na saba, muuguzi akayajibu yote huku foleni ikinung'unika, kisha akauliza la kumi na nane yeye mwenyewe, kama mzee anakubali, na Urbanus akakunja mkono wa shati.

Tarehe 27 Novemba 2021 mchezo uliigizwa katika ukumbi wa kanisa, Doonside, wakati ambapo bila cheti cha chanjo huingii, na Urbanus alikaa mstari wa mbele, akiwaonyesha cheti chake hata wasiokiomba. Watu walicheka hadi barakoa zikalowa, naye Mbula alikaa nyuma ya pazia akilia, kwa jinsi moyo wake ulivyotulia.

Mei 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwezi Agosti daktari kijana alivuta kiti, akaweka fomu kitandani, akamwomba idhini ya kutumia sampuli zake katika utafiti, na Mbula akamwomba arudie, akamwomba tena, daktari akidhani hasikii vizuri, kumbe alitaka tu kulisikia swali lile. Urbanus aliisoma fomu yote, Mbula akatia sahihi, na chini yake akaandika, "Mmeniuliza. Asanteni." Alifariki Jumanne, tarehe 18 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, bila maumivu, sote tukiwa kando yake.

Tunamshukuru daktari huyo na wauguzi wote, jirani yetu Fébronie aliyetulisha miezi mitano, wenzake wa kazini, na waigizaji waliobeba jeneza leo, safari hii si kwa mchezo. Watoto walipomwuliza kama arudishwe Tala au alazwe hapa Lidcombe, alichagua hapa, akasema amechoka na ndege.

Pumzika kwa amani, Mbula. Tulikuuliza.