Miaka Minne ya Kutafuta Chembe

Mwaka tisini na sita, kwenye pikapu ya abiria iendayo Ikuti, Veronika alimsikia abiria mwenzake Lugano, mwanafunzi wa fizikia, akimweleza mzee Ambindwile, mkulima wa chai, kwamba namba mbili kubwa mno hufutana karibu kabisa, na salio dogo ndilo linalozipa chembe za maada uzito. “Haiwezi kuwa bahati, baba. Lazima kuna chembe nyingine, hazijaonekana, zinazosawazisha.”

“Gwe, wewe kijana, magunia mawili ya chai yakitofautiana kwa jani moja tu, sisi tunatazama mkono wa mpimaji.”

“Ndio huo mkono tunaoutafuta! Nakwenda kumwomba mchumba anisubiri miaka minne nikiutafuta.”

“Na msipouona?”

Gari likasimama. Lugano akaruka chini, na binti mmoja akamkimbilia akicheka. Veronika, mama wa mabinti watatu, alijua binti yule naye atauliza swali lile, na safari hiyo hakutakuwa na kituo cha kushukia.